Filamu Zilizotuumbua

Nilikubali kuitazama Puss in Boots: The Last Wish kwa ajili ya mpwa wangu tu. Alikuwa ameipania wiki nzima, na mimi nilishajipangia: yeye atazame katuni yake, nami nijilaze pale pale kwenye kochi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Huyu ni paka aliyeanza kama mhusika wa pembeni katika mfululizo wa Shrek, akapewa filamu yake mwenyewe mwaka 2011, kisha kikapita kimya cha miaka 11. Mwendelezo wa filamu iliyochipuka kutoka filamu nyingine, tena baada ya muda wote huo! Nikajua hapa tunaletewa makombo.

Nikiwa nimeshafumba macho nikasikia mluzi. Paka amekaa kaunta, peke yake, na pembeni yake ametokea mbwa mwitu aliyejifunika kofia ya joho. Paka anadhani ni mmoja wa wale wanaomwinda kwa ajili ya donge nono, anajigamba kama kawaida yake, anachomoa upanga. Wanapigana. Halafu makali yanampata kwenye paji la uso. Linatoka tone moja la damu, na picha inasogezwa karibu kabisa, hadi tunaona manyoya yake yakisimama. Sisi tuliokua na kanuni ya "steringi hafi" tunamwona steringi, mbele ya macho yetu, akitambua kwamba anaweza kufa. Upanga unamponyoka. Anakimbia.

Baadaye, msituni, hofu ile inamrudia. Anaegemea mti, mkono kifuani, pumzi hazimtoshi. Anafikiwa na Perrito, mbwa mdogo ambaye mpaka hapo kazi yake ilikuwa kuongea bila kupumzika. Safari hii hasemi kitu. Anakilaza kichwa chake juu ya tumbo la paka na kutulia. Tumbo linapanda na kushuka haraka haraka, kisha polepole, kisha paka anaanza kumpapasa. Ni muda mfupi tu, hauna kichekesho hata kimoja. Nilimwomba mpwa wangu arudishe nyuma tuione tena, na yeye aliyeipania filamu wiki nzima ndiye aliyenishangaa mimi.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana jambo hili la filamu kutupita matarajio. Watu hulizungumza kama bahati: ulidhani mbaya, ikatokea nzuri, basi. Siamini kwamba ni bahati. Naamini pia kwamba mshangao mwingi tunaojivunia si mshangao wa kweli, na inafaa tuutenganishe na ule wa kweli.

Tuanze na matarajio yenyewe. Mtu hajaiona filamu, lakini maoni anayo tayari. Kayatoa wapi? Kwenye namba iliyobandikwa mwisho wa jina. Kwenye trela, ambayo mara nyingi hukatwa na watu wa matangazo, si na waliokaa miezi na filamu yenyewe. Kwenye habari kwamba imeahirishwa, kwamba mwigizaji fulani amejitoa, kwamba fedha zimepita kiasi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho ndani ya filamu. Titanic ni mfano unaojulikana kuliko yote. Ilipangwa kutoka Julai 1997, ikasogezwa hadi Desemba. Gharama zake zilifika dola milioni 200, kiasi ambacho hakuna filamu iliyokuwa imewahi kukitumia, na kabla mtu yeyote hajaketi kuitazama ilishaandikwa kwamba itazama kama meli yenyewe. Ikachukua tuzo 11 za Oscar na kuwa filamu ya kwanza kuvuka dola bilioni 1. Waliokosea hapo hawakuikosea filamu. Waliikosea ratiba na daftari la mahesabu, wakadhani ndiyo filamu.

Sasa, matarajio ya chini yana zawadi yake, na zawadi hiyo inadanganya. Anayeingia bila kudai chochote hushukuru hata kidogo atakachopata. Vichekesho viwili vikigonga, mwisho ukieleweka, anatoka akisema "kumbe si mbaya!" na kesho yake anawaambia wenzake ni nzuri. Mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo mara nyingi. Ndiyo maana nina kipimo kimoja ninachokiamini: itazame tena. Mara ya kwanza uliingia mikono mitupu, ulichookota ni faida. Mara ya pili unaingia unadai. Umeshaisifu mbele za watu, kwa hiyo matarajio sasa yako juu, na filamu haina tena mahali pa kujificha.

Nyingi huanguka hapo. Sonic the Hedgehog, ile ya mnyama wa bluu kutoka mchezo wa video, kwangu ilianguka. Trela yake ya kwanza, Aprili 2019, iliwatisha watu kwa yale meno ya Sonic kama ya binadamu, na studio ikafanya jambo la nadra: iliahirisha filamu kutoka Novemba hadi Februari 2020 ili mhusika achorwe upya. Nawapa heshima wote waliofanya kazi ile. Nilipoiona nilitabasamu mwanzo hadi mwisho. Nilipoirudia niligundua kwamba nilichokuwa nimekifurahia ni kutoyaona yale meno. Mwigizaji Jim Carrey bado anachangamsha, lakini hadithi yenyewe ilikuwa imeshikiliwa na ahueni yangu.

Zile zinazosimama mara ya pili ndizo zinazonifundisha kitu. Kila nikizichunguza nakuta zinafanana katika jambo moja: waliozitengeneza hawakuwa na ile dharau tuliyokuwa nayo sisi. Sisi tuliona "katuni ya paka", "mwendelezo mwingine", "filamu ya dude la kutisha". Wao waliona kazi, wakaishika kwa mikono miwili.

Mtu atasema hapana, kinachoziokoa filamu hizi ni shida, na atanitajia Jaws, ile filamu ya papa ya mwaka 1975. Kweli, Jaws ni hadithi tamu. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, bado kijana wa miaka ya ishirini, aliamua kupiga picha baharini kwenyewe badala ya kwenye tangi la studio. Papa wa mashine waliyempa jina la Bruce akaharibiwa na maji ya chumvi. Siku 55 za ratiba zikawa 159. Kwa kuwa papa haonekani, ikabidi watafute namna ya kumwonyesha bila kumwonyesha, na hapo ndipo yakapata kazi yale mapipa ya manjano. Papa anapigwa mkuki wenye kamba, kamba imefungwa pipa, na sisi tunachokiona ni pipa tu likikata maji kuelekea mashua. Kisha linazama. Pipa lililotengenezwa lielee, linazama! Ukubwa wa kilichoko chini unausikia tumboni, na hujaona hata pezi.

Lakini shida haikuhariri filamu. Verna Fields ndiye aliyeihariri, akapata Oscar kwa kazi hiyo. Shida haikutunga zile noti mbili za muziki zinazosikika papa akikaribia. John Williams ndiye aliyezitunga, naye akapata yake. Mashine huharibika kwenye filamu nyingi na ratiba hupitiliza kwenye filamu nyingi, na nyingi kati ya hizo hufa kifo cha kawaida, hakuna anayezisimulia. Tunaposema "tatizo ndilo lililoiokoa Jaws" tunawanyang'anya watu jasho lao na kulikabidhi kwa mashine mbovu.

Mfano unaonigusa zaidi ni Mad Max: Fury Road, filamu ya mapigano ya magari jangwani. Fikiria ulivyokuwa mwaka 2015. Filamu ya mwisho ya mfululizo huo ilitoka mwaka 1985. Mwongozaji, George Miller, alikuwa na miaka 70, na katikati hapo alikuwa ametengeneza filamu za watoto, ikiwemo ile ya ngwini wanaocheza dansi. Mel Gibson, steringi wa zile za mwanzo, hayumo tena. Jangwa walilolichagua Australia lilinyeshewa mvua likachanua maua, ikabidi kila kitu kihamishiwe Namibia, wakapiga picha huko mwaka 2012, halafu kimya. Miaka karibu mitatu ya kimya. Kwa mtu anayesoma dalili za nje, ile ilikuwa maiti inayosubiri kuzikwa.

Kumbe ndani ya kimya kile alikuwepo mwanamke mmoja na zaidi ya saa 480 za picha. Margaret Sixel, mke wa Miller, hakuwa amewahi kuhariri filamu ya mapigano. Miller ameeleza kwamba hiyo ndiyo sababu aliyomtakia: angempa mhariri aliyezoea kazi hizo, ingetoka kama filamu nyingine zote za namna hiyo. Mambo mawili yalifanyika, na hata asiyejua lolote kuhusu uhariri anaweza kuyaona akiambiwa. La kwanza lilianzia kwenye kamera. Mpigapicha, John Seale, alielekezwa akiweke kitu cha kutazamwa katikati ya fremu, karibu kila mara: pua ya mwigizaji, mdomo wa bunduki, usukani. La pili, Sixel alikata picha kwa kasi kubwa, mikato inayokaribia 2,700, lakini kwa kuwa kila kipande kina kitu chake mahali pale pale, jicho lako halihangaiki kutafuta. Halipotei. Itazame ukiwa umezima sauti, usimamishe popote, tazama katikati. Kipo.

Filamu nyingi za mapigano hukata haraka ili kuficha kwamba hakuna kinachoonekana. Hii ilikata haraka na kila kitu kinaonekana, nani yuko juu ya gari lipi, nani kaanguka, mkono wa nani umeshika nini. Huo si mshangao wa kuwa "si mbaya". Ni kazi ya mikono iliyofanywa na mtu aliyekaa na kila kipande hadi akakijua. Wapiga kura wa Oscar waliipa tuzo 6, na moja ilikuwa ya Sixel. Nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba mshangao ulishakufa zamani, na bado nikiiweka nakaa mbele kwenye kiti.

Hata hivyo kujitoa huko kuna upande ambao sipendi kuupita kimya kimya. Toy Story 2 ilianza kama mwendelezo wa kuuzwa kwenye kanda za video, bila kupitia kumbi za sinema. Ikapandishwa daraja, kisha wakubwa wa Pixar, kampuni ya katuni iliyoitengeneza, walipoitazama wakaona haifai, wakaamua kuisuka upya karibu yote kwa miezi 9. Mapema kidogo, amri moja iliyoandikwa vibaya kwenye kompyuta ilikuwa imefuta sehemu kubwa ya kazi, na nakala iliyowaokoa ilikuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Hiyo ndiyo sehemu tunayopenda kuisimulia. Ipo na nyingine. Ed Catmull, aliyekuwa kiongozi wa kampuni hiyo, ameeleza kwamba theluthi ya wafanyakazi walitoka na maumivu ya mikono na mabega yanayoletwa na kazi hizo za kompyuta, na kwamba mfanyakazi mmoja, kwa uchovu, alisahau kumpeleka mwanawe mchanga kwa walezi na kumwacha ndani ya gari kwenye jua. Mtoto alikutwa amezimia, wakamwahi, akapona.

Filamu ilitoka Novemba 1999 na ni nzuri mno. Ile sehemu ya mwanasesere Jessie akikumbuka alivyopendwa, akasahauliwa chini ya kitanda, kisha akaachwa ndani ya boksi kando ya barabara, imewatoa machozi watu wazima wengi, mimi nikiwemo. Lakini siwezi tena kuitazama bila kumfikiria yule mtoto. Kuiheshimu kazi ni jambo moja. Kuwamaliza watu ili kazi ipatikane ni jambo jingine, na waajiri wanaokuja kuinukuu Toy Story 2 kama ushahidi kwamba "presha hujenga" wananiudhi kwelikweli.

Ukitaka kuona heshima hiyo katika hali yake nyepesi zaidi, tafuta Ouija: Origin of Evil, filamu ya kutisha ya mwaka 2016. Ile ya kwanza, ya 2014, wahakiki waliiponda, na sidhani kama walikosea. Mike Flanagan alipokabidhiwa ya pili angeweza kulipua tu, maana hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alirudi nyuma hadi mwaka 1967, akatuweka ndani ya nyumba ya mjane anayejifanya kuzungumza na wafu huku binti zake wawili wakimsaidia kufanya vitimbi. Tunawapenda kwanza. Ubao wa mizimu unapoingia nyumbani humo tayari tuna cha kupoteza.

Na hapo naona siri yenyewe, kama ni siri. Filamu inayotuumbua karibu kila mara humpa mtu cha kupoteza mahali ambapo sisi tulitegemea vurugu tu. Godzilla Minus One ya 2023 ilifanya hivyo kwa ukamilifu. Dude hilo lilikuwa na karibu miaka 70 kwenye sinema, tangu 1954, na wengi wetu tulishalizoea: linatoka baharini, linabomoa jiji, tunashangilia majengo yakianguka. Takashi Yamazaki akaanza na rubani wa Kijapani, Koichi Shikishima, aliyetumwa kujilipua na ndege yake mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia na akatua kisiwani akisingizia injini mbovu. Anarudi Tokyo iliyoungua, jirani anamwuliza kwa nini yeye yu hai na watoto wake wamekufa. Mtu huyo anaishi na mwanamke asiye mke wake na mtoto asiye wao, na hawezi kuwaita familia kwa sababu haamini kwamba anastahili. Godzilla anapokuja unajikuta huangalii majengo.

Madoido ya picha, yaani zile picha za dude na uharibifu wake zinazoundwa kwa kompyuta, yalitengenezwa na kikosi cha watu 35, vipande 610, kwa bajeti ambayo Hollywood ingeitumia kwenye sehemu moja ya filamu kubwa. Yamazaki aliandika, akaongoza, akasimamia madoido ya picha mwenyewe. Machi 2024 walipanda jukwaani kuchukua Oscar ya madoido, ya kwanza katika historia yote ya Godzilla. Waswahili husema mdharau mwiba mguu huota tende.

Kuna sehemu yetu pia katika jambo hili, sisi watazamaji, na naisema kwa uchungu kidogo. Dharau yetu ina gharama. The Shawshank Redemption ilipotoka mwaka 1994 kumbi zilikuwa tupu. Jina gumu, gereza, hakuna mapenzi, nani aende? Ilipata nafasi 7 za kuwania Oscar bila kuondoka na hata moja, ikaja kupendwa baadaye kupitia kanda na televisheni. Iliokoka. Sijui zimekufa ngapi ambazo hazikupata televisheni ya kuzirudia usiku baada ya usiku. Puss in Boots nayo ilianza kwa kuchechemea, dola milioni 12 hivi wikendi ya kwanza Marekani, Desemba 2022. Kisha watu wakaanza kuambizana. Mzazi akamwambia mzazi mwenzake. Hadi inaondoka kwenye kumbi ilikuwa imevuka dola milioni 480 duniani kote, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilipitia midomoni mwa watu waliokuwa wameidharau kama mimi.

Nimeirudia mwezi uliopita, na mpwa wangu yule yule, ambaye sasa ni mrefu na ana maoni kuhusu kila kitu. Safari hii nilikaa wima tangu mwanzo na nilikuwa nadai. Tukafika kwenye sherehe ya mwanzo, paka anaimba, watu wanamshangilia, sekunde chache kabla kengele haijamwangukia. "Anko, simamisha," akasema. Akainuka, akasogea hadi kwenye skrini na kuweka kidole katikati ya umati. Pale, nyuma ya watu wanaoshangilia, amesimama mbwa mwitu aliyejifunika kofia ya joho. Kabla ya baa, kabla ya mluzi. Alikuwepo muda wote, na mimi mara ya kwanza nilikuwa natafuta usingizi.